Kusoma sayansi za baiomedikali ukiwa na ndoto ya udaktari: maswali tunayoulizwa sana Dodoma

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, walimu wa sayansi hapa Dodoma hawapumziki. Wanapiga simu vijana waliomaliza Msalato na Mpwapwa, wanapiga wazazi wao, na mara nyingine anapiga mjomba kutoka Kondoa ambaye ndiye atakayelipa ada na anataka kujua analipia nini. Maswali yao yanafanana sana, ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Nikigusa nchi nyingine, nitaitaja.

Sayansi za baiomedikali ni kitu gani hasa?

Ni elimu ya mwili wa binadamu na magonjwa yake, kuanzia kwenye seli na molekuli. Ndani yake kuna anatomia, ambayo ni maumbile ya mwili, na fiziolojia, ambayo ni namna mwili unavyofanya kazi. Kuna bayokemia (kemikali za mwili), histolojia (tishu), jenetiki (urithi), mikrobiolojia (vijidudu), parasitolojia (vimelea), imunolojia (kinga), patholojia (mabadiliko yanayoletwa na ugonjwa) na famakolojia (dawa). Mwanafunzi wa udaktari huyasoma haya hasa katika miaka 2 ya mwanzo, kabla hajaanza kuzunguka wodini. Zipo pia shahada zinazosimama zenyewe juu ya masomo hayohayo: sayansi za maabara za afya, baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia, mikrobiolojia.

Uhandisi wa vifaa tiba ni fani nyingine kabisa. Huyo ndiye anayefunga na kutengeneza mashine za eksirei, za oksijeni na za kusafisha damu. Ni kazi nzuri na inahitajika, ila majina yanakaribiana kwenye fomu za maombi, kwa hiyo soma jina la programu hadi mwisho kabla ya kubonyeza.

Nikimaliza shahada ya namna hiyo nitakuwa nimefika nusu ya udaktari, nimalizie miaka mitatu tu?

Hapana, na naomba hili lieleweke kabla hujalipa hata ada ya maombi.

Shahada ya udaktari wa binadamu, ile tunayoiita MD, ni miaka 5. Baada yake kuna mwaka 1 wa mazoezi kwa vitendo hospitalini, ndipo unapoweza kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye shahada ya maabara au ya bayoteknolojia akipata nafasi ya kusoma MD hapa nchini, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita juzi. Jumlisha mwenyewe: miaka 3 au 4 ya shahada ya kwanza, kisha 5, kisha 1.

Mtu aliyepita njia hiyo hajapoteza kitu. Daktari aliyewahi kukaa kwenye hadubini akatafuta vimelea kwa macho yake mwenyewe huwa na swali la ziada mbele ya mgonjwa, na wodini tunaliona. Ninachokipinga ni mzazi kuuza ng'ombe au shamba la zabibu akiamini analipia nusu ya kwanza ya udaktari, kumbe analipia taaluma nyingine. Kama ni maabara, ilipiwe kama maabara na ipendwe kama maabara.

Mbona mtandaoni wanasema uanze na baiomedikali ndipo uende udaktari?

Kwa sababu wanaoandika wapo kwenye mifumo mingine. Marekani kwa kawaida huingii udaktari kutoka sekondari: kijana husoma kwanza shahada ya miaka 4, hufanya mtihani wa kuomba udaktari uitwao MCAT, halafu husoma udaktari miaka mingine 4. Uingereza wengi huingia udaktari kutoka sekondari kama sisi, ila baadhi ya vyuo vina kozi fupi ya miaka 4 kwa wenye shahada tayari, na wengi wanaoiomba wametoka baiomedikali. Sisi tulijengewa mfumo wa kuingia moja kwa moja. Ushauri wa rafiki aliyeko Chicago unaweza kuwa sahihi kabisa kwa Chicago na ukakupoteza wewe wa Nkuhungu.

Sifa za kuingia MD moja kwa moja ni zipi?

Kwa aliyemaliza kidato cha sita: ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, usiopungua alama D katika kila somo, jumla ya pointi 6. Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa aliyesoma stashahada ya utabibu: wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza.

Hicho ni kiwango cha chini, yaani ruhusa ya kusimama kwenye foleni. Nafasi za vyuo vya serikali hugombewa na wenye A na B, kwa hiyo mwenye D tatu aombe huku akiwa na mpango wa pili. Na kwa kuwa vigezo hurekebishwa, fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka wako. Ule wa kaka yako wa miaka mitatu iliyopita uweke kando.

Mwalimu, shikamoo. Nimepata Kemia D, Baiolojia D, Fizikia E. Ndoto imekufa?

Marahaba. Haijakufa, ila imebadili barabara.

Unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa kuwa umekwama kwenye Fizikia peke yake, hilo ni jambo la kufikiriwa kwa uzito. Unaweza kusoma stashahada ya utabibu, miaka 3, kisha ukaomba MD ukiwa tayari umeshagusa wagonjwa. Njia hii watu huidharau bila sababu. Nimefundisha waliopita huko, na wakifika mwaka wa tatu wodini, wenzao waliotoka kidato cha sita na A zao huwafuata kuwauliza namna ya kumpima mgonjwa tumbo. Au unaweza kuangalia shahada nyingine za afya ambazo vigezo vyake vinakukubali. Ninachokuomba ni usijaze programu yoyote ile ili mradi uonekane uko chuo. Mwaka mmoja wa kusubiri nyumbani Bahi unauma, lakini ni mfupi kuliko miaka 3 ya kusoma kitu usichokitaka.

Kwa nini nihangaike na bayokemia na mikrobiolojia wakati mimi nataka kutibu watu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu lake liko hapahapa kwetu.

Chukua homa ya papasi, ambayo wazee wa Mvumi wanaijua vizuri. Papasi ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hasa kwenye nyumba za tembe. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa dakika chache na kurudi mafichoni, kwa hiyo anayeng'atwa mara nyingi hamwoni. Humwachia bakteria anayeitwa Borrelia duttonii. Mgonjwa anakuja na homa kali, kichwa kinauma, viungo vinauma. Unapima malaria kwa kipimo cha haraka, hakuna kitu. Unampa dawa ya maumivu, homa inashuka, anarudi nyumbani akishukuru. Baada ya siku kadhaa homa inarudi vilevile.

Sasa tazama ni masomo mangapi yamekaa ndani ya mgonjwa huyo mmoja. Parasitolojia inakuambia uulize analala wapi na juu ya sakafu gani. Mikrobiolojia inakuambia uchukue damu wakati homa iko juu, maana ndipo bakteria wanapojaa kwenye damu, na uitazame kwa hadubini, kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini za vimelea vya malaria tu. Imunolojia inaeleza kwa nini homa inarudi: bakteria hawa hubadili protini za juu ya ngozi yao, kinga ikishawatambua wa kwanza, wanatokea wengine wenye sura mpya. Famakolojia inakuonya kwamba ukishampa antibayotiki, bakteria wanaokufa kwa wingi wanaweza kumfanya mgonjwa atetemeke na kuzidiwa kwa saa chache, kwa hiyo usimpe dawa na kumruhusu aende zake. Na uzazi unakukumbusha kwamba mjamzito akiugua ugonjwa huu anaweza kupoteza mimba. Asiyejua sayansi hizi ataandika "homa, siyo malaria" na kufunga faili.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliumwa ghafla: macho ya njano, tumbo kuuma na kujaa maji, kutapika. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi, sumu inayotengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus. Ini ndilo linaloipokea, na linapojaribu kuisafisha huibadili kuwa kemikali kali zaidi inayoshambulia seli za ini lenyewe. Hiyo ni bayokemia ya mwaka wa kwanza, ileile ambayo wanafunzi huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau asubuhi. Aliyeielewa anapoona wagonjwa wa manjano wakitoka familia moja, anauliza mahindi yamehifadhiwa vipi.

Ningeweza kuendelea na trakoma (ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha) ya Kongwa, wilaya ambayo utafiti wake tangu miaka ya 1980 umesaidia dunia kuelewa nafasi ya kunawisha watoto uso na ya dawa ya azithromaisini. Au Hospitali ya Benjamin Mkapa, inayopandikiza figo tangu 2018, na ambayo tangu 2023 inapandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu (sikoseli). Selimundu ni kosa la asidi amino moja katika protini ya damu, na mtoto hawezi kupewa uloto wa ndugu yake mpaka tishu zao zilinganishwe maabara. Mtaalamu wa maabara akikosea hapo, hata daktari bingwa hana cha kuokoa.

Naogopa maiti. Nitaweza?

Wengi huogopa, na wengi huzoea ndani ya wiki chache. Maiti za mafunzo zimehifadhiwa kwa dawa ya fomalini, ambayo harufu yake huwasha macho na kukaa kwenye nguo. Haifanani na kumwona mtu aliyefariki usiku huo. Mnakuwa kikundi, kila mmoja na koti lake na glovu, na mnafuata mwongozo hatua kwa hatua.

Wapo wanaouliza kwa sababu ya dini au mila. Kanuni ya chumba kile ni heshima: hakuna picha, hakuna utani, hakuna jina. Mwanafunzi anayecheka mbele ya maiti hutolewa nje, na mimi naona ni haki. Kama unazimia ukiona damu, jambo hilo pia hupungua kwa mazoea, ila ukae chini mapema ukisikia kizunguzungu badala ya kujikaza hadi uanguke.

Ni kweli watu wanadisko sana?

Wapo wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na zaidi mwaka wa kwanza. Sababu ninayoiona mara nyingi siyo kukosa akili. Kijana alizoea kusoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa kukariri majibu ya mitihani iliyopita, anafika chuo anakutana na anatomia ya mkono mzima kwa wiki moja, anaendelea kusubiri madesa (nakala za maelezo) ya wenzake, mtihani wa steshoni, ule wa vitendo wa kupita kituo hadi kituo, unamkuta. Hapo anapata sapu (mitihani ya marudio) mbili tatu, anaanza kukosa usingizi, mambo yanaporomoka.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Soma kila siku kidogo. Chora. Mfundishe mwenzako mzunguko wa damu bila kuangalia daftari, pale unapokwama ndipo hujui. Rudi maabara saa ambazo hakuna kipindi uangalie slaidi tena. Na ukipata sapu, mwone mwalimu wa somo wiki ileile. Wanafunzi hujificha kwa aibu hadi siku ya mtihani wa marudio, nasi tupo ofisini.

Msongo ukizidi usiubebe peke yako. Vyuo vina washauri wa wanafunzi, na Dodoma ina Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kwenda kuomba msaada wa kulala vizuri hakumfanyi mtu kuwa kichaa. Anayetarajia kutibu wengine aanze kuacha kusema hivyo.

Kiingereza changu hakijakaa sawa.

Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, kwa hiyo jitahidi. Habari njema ni kwamba istilahi za tiba ni mpya kwa kila mtu darasani, hata aliyesoma shule za ada kubwa. Soma kurasa chache za kitabu kila siku kwa sauti. Na usikiache Kiswahili, maana wodini bibi kutoka Chamwino atakueleza maumivu yake kwa Kiswahili au Kigogo, na ukishindwa kumsikiliza, Kiingereza chako hakitamsaidia.

Nitasoma wapi Kanda ya Kati?

Udaktari unasomwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanzishwa 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na chuo. Chuo Kikuu cha St. John's, hapa mjini, kinafundisha famasi na uuguzi. Mvumi kuna chuo cha sayansi za afya cha ngazi ya stashahada kando ya hospitali. Kwa shahada ya sayansi za maabara za afya, tazama vyuo vikuu vya tiba vya MUHAS Dar es Salaam, KCMC Moshi na CUHAS Bugando, Mwanza. Baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nisiposoma MD, kazi zipo?

Zipo, ila inategemea karatasi uliyonayo. Kufanya kazi ya kupima wagonjwa kwenye maabara ya hospitali kunahitaji usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na Baraza husajili waliosoma programu za maabara za afya. Shahada ya jumla ya baiolojia haikupi usajili huo hata kama ulipata GPA ya 4.5. Muulize mwenye chuo swali hili kabla ya kujiunga, na ukiona anazunguka, pigia Baraza lenyewe.

Nje ya hospitali kuna utafiti kwenye taasisi za utafiti wa afya kama NIMR na Ifakara, kuna udhibiti wa dawa na vifaa tiba kwenye mamlaka ya TMDA, kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna huduma ya damu salama. Na kuna ualimu wa vyuo vya tiba. Walimu wa anatomia, fiziolojia na patholojia ni wachache nchini, na kijana mwenye shahada ya uzamili katika masomo hayo anahitajika kuliko anavyodhani.

Binti yangu anataka maabara, mimi nataka awe daktari. Nifanyeje?

Mama, mwache asome maabara. Nasema hivyo nikijua unamtakia mema. Udaktari ni miaka 6 kabla ya mshahara wa kueleweka, na asiyeupenda hachoki peke yake, huwachosha na wagonjwa. Mkalishe, muulize ni nini kinachomvuta huko. Akikujibu kwa kueleza kitu anachotaka kukijua, muunge mkono. Akikujibu kwamba anakwepa Fizikia, hapo mna mazungumzo mengine ya kufanya.

Mkopo je?

Bodi ya Mikopo, HESLB, huzipa programu za afya kipaumbele. Maombi ni ya mtandaoni. Yanayokwamisha wengi ni vyeti: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo kama mzazi amefariki, na mdhamini awe na kitambulisho. Anza kushughulikia haya kabla matokeo hayajatoka. Waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita wana Ufadhili wa Samia, ambao haurudishwi. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, likiingia, toa kwanza pango na chakula cha miezi yote, ndipo uangalie simu mpya. Na usipange kusoma shahada ya pili ya ngazi hiyohiyo kwa kutegemea mkopo tena.

Wakala ananiambia nikasome baiomedikali nje, nitahamia udaktari mwaka wa pili.

Mwambie akupe ahadi hiyo kwa maandishi ya chuo chenyewe, yenye masharti ya kuhama na idadi ya nafasi. Wengi hunyamaza hapo. Kisha nenda TCU uulize kama chuo na programu vinatambulika, na uchukue cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kusafiri. Uliza pia Baraza husika la taaluma, maana TCU hutambua shahada, lakini leseni ya kazi hutolewa na Baraza. Hata Uingereza, mwenye shahada ya baiomedikali hawezi kujiita mwanasayansi wa baiomedikali hospitalini mpaka asajiliwe na mamlaka ya HCPC. Usitume hela ya ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Nimeshachaguliwa. Nifanye nini kabla chuo hakijafunguliwa?

Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa namba maalumu unayotumiwa kwenye simu, kabla ya tarehe ya mwisho. Wapo wanaopoteza nafasi kila mwaka kwa sababu laini ya simu waliyojazia fomu ilikuwa ya jirani.

Rudia Kemia ya kaboni na Baiolojia ya seli. Nunua koti la maabara, viatu vilivyofunika vidole, na kama hela ipo, kitabu kimoja cha anatomia chenye picha nzuri, hata cha mtumba. Omba ruhusa ya kukaa kwenye maabara ya kituo cha afya kilicho karibu siku chache ukiangalia tu wanavyopokea sampuli.

Halafu kapime homa ya ini B, na ukiwa huna maambukizi anza chanjo. Utakuwa karibu na damu na sindano mapema kuliko unavyofikiri. Chanjo ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Ukianza mwezi wa nane, mwezi wa pili utakuwa umemaliza.